Marehemu wa Kila Alhamisi

Kila Alhamisi jioni, kipindi cha wachunga ng'ombe kilipokaribia kuanza, bibi Yester Tashjian alitandika shuka kuukuu mbele ya televisheni ili zulia lisichafuke. Kisha alileta beseni la maji ya vuguvugu, akatupia kitambaa begani, akaketi kumngoja mwanawe afe.

Vahan hakukawia. Alikuwa mwigizaji, na kazi yake ilikuwa kuuawa kabla ya matangazo ya pili. Alipigwa risasi akiwa jambazi wa Meksiko, akachomwa kisu akiwa chifu wa Wahindi Wekundu, akasukumwa kutoka ghorofani akiwa Mwarabu mwenye siri. Studio za Los Angeles hazikuwahi kumwita aigize Muarmenia, ingawa ndivyo alivyokuwa. Majina ya waigizaji yalipopita mwishoni aliitwa Van Tash, pale alipokumbukwa.

Akishauawa, maiti ilitoka kwenye kioo ikaanguka juu ya shuka. Ilikuwa na ukubwa wa mtu mzima na rangi ya majivu, kwa sababu televisheni yao haikuwa ya rangi, na damu yake nyeusi ilikuwa ngumu kutoka hata kwa sabuni. Vahan, aliyekuwa kwenye kochi akila wali na maziwa ya mgando, aliweka sahani chini akamsaidia mama yake kuigeuza. Waliiosha, wakaivisha shati safi, wakaizika uani katikati ya mizabibu. Mara ya kwanza walimwita padri, naye akauliza jina la marehemu. Kwenye kipindi hakuwa amepewa jina. Yester akasema aitwe Vahan, na waliofuata wote wakaitwa hivyo hivyo. Jirani yao, Bi Hanratty, alileta keki ya matanga kwa majuma machache, kisha akazoea.

Yester alikuwa na sababu yake, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Alizaa wana watatu. Waarmenia walipofukuzwa makwao na kuswagwa jangwani kwa miguu, Nazaret na Sahag walimfia njiani. Walitupwa shimo moja na watu asiowajua, mmoja juu ya mwingine, naye akalazimishwa kuendelea kutembea, Vahan akiwa mgongoni. Siku ile aliapa kwamba mwanawe yeyote atakayefia mbele ya macho yake atalala peke yake katika kaburi lake.

Sasa ua ulikuwa umejaa. Palibaki nafasi ya mtu mmoja karibu na kamba ya kuanikia nguo, na baada ya Mwarabu haikubaki hata hiyo. Mgongo wa bibi haukunyooka tena. Usiku Vahan alimsikia akilia kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kuwaamsha wageni. Maji yalikuwa yamemfika Vahan shingoni. Akaenda kwa wakala wake, Sid Brauer, akamkuta anakula mkate wenye nyama.

"Nitafutie mtu asiyekufa," Vahan alisema. "Mmoja tu."

"Asipokufa atafanya nini?"

"Aende zake nyumbani."

"Van, kaka yangu, hiyo sura yako ni mali. Watu wakiiona tu wanajua huyu hafiki mbali, wanakwenda jikoni kuchukua bia. Unataka kuwavuruga?"

"Mama amechoka kuzika, Sid. Pa kuzikia hapapo."

"Si azime televisheni?"

"Akizima, marehemu nani atamwosha?"

Sid alimeza tonge lake. Kisha akanyanyua simu.

Ikapatikana nafasi ya muuza duka. Alimuuzia mkuu wa polisi unga, akamwambia dhoruba inakuja, na mwishoni alifagia kibaraza huku shujaa akiondoka na farasi wake. Vahan alifagia kibaraza kile kwa moyo wote, mpaka mwongozaji akamwambia inatosha. Aliporudi alimweleza mama yake kila kitu. Yester akambusu mikono.

Alhamisi hiyo hakutandika shuka. Alivaa gauni la kanisani, akapika majani ya mzabibu yaliyojazwa wali na nyama, akamwita Bi Hanratty. Muuza duka alitokea, akauza unga wake, akaitaja dhoruba. Matangazo ya kwanza yakaja, yakapita.

"Mwone alivyonawiri," Yester alisema. "Aproni imemkaa."

Kisha ikaja sehemu ambayo Vahan hakuijua. Mtu mwenye aproni ile ile, akiwa ameipa kamera kisogo, aliinama kunyanyua gunia, na risasi ikaingia dirishani. Alianguka kifudifudi juu ya zulia tupu. Mabega hayakuwa ya Vahan. Yalikuwa mapana mno. Lakini Yester alipomgeuza, uso ulikuwa wa mwanawe. Bi Hanratty akaaga taratibu akaenda kwake.

Vahan alimpigia Sid simu.

"Ah, hilo," Sid alisema. "Mwenye kipindi aliona katikati pamepooza. Wakamvika mtu mwingine aproni, wakammaliza. Hawakutaka kukusumbua. Ila kazi yako wameipenda, wanakutaka tena Jumatatu."

"Niwe nani?"

"Ah, Van, na wewe unauliza?"

Vahan alitaka kukataa. Lakini hakujua kazi nyingine, na hakukuwa na mahali pengine ambapo sura yake ilitakiwa. Akasema atakuja.

Uani, mwanga wa jikoni ulifika mpaka kwenye mizabibu. Yester alipita kila mstari akichomachoma ardhi kwa mpini wa jembe, na kila mahali udongo ulikuwa laini. Alizunguka mara ya pili. Mwishowe alisimama karibu na kamba ya nguo.

"Chimba hapa."

"Mama, hapa yumo mwingine."

"Najua yumo. Mweke juu yake."

Vahan alimtazama. Akachimba mpaka jembe likagusa shati, kisha akamshusha muuza duka polepole. Yester alipiga magoti ukingoni, akanyoosha mkono ndani, akausogeza mkono wa yule wa chini ili huyu wa juu alale vizuri.

"Usifukie sana," alisema. "Alhamisi ijayo tutachimbua tena."

Vahan akafukia kidogo.