Maua ya Memsabu

Mwaka ule wa hamsini na tano mvua ilitupa kisogo, na ng'ombe wa Waorma walikufa mpaka tai wakawa wanachagua. Mumina alibakiwa na mmoja tu, Dima. Maziwa ya Dima ndiyo yaliyomweka hai mjukuu wake Jilo, kichanga ambaye mama yake alifia uzazini.

Na kibarua cha Mumina kilikuwa nini? Kumwagilia maua, jamani. Mke wa Mzungu mpima barabara pale Garsen alipanda vyunguni mmea wa kwao, wenye maua mekundu ya umbo la moyo, yanayoning'inia kitawini kama shanga. Watu wanalia kiu, mmea unakunywa madebe mawili. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mumina alichota, akamwaga, huku roho inamchemka.

Siku moja memsabu aliupogoa, akamwambia, "Choma yote. Hapana lisha ng'ombe. Mbaya."

Mumina alisikia vizuri kabisa. Ila aliona ni uchoyo tu, hata taka wanatunyima. Akayafunga majani yale kwenye shuka lake, akaenda nayo nyumbani.

"Dada, jani hili hatulijui," alisema nduguye Huka.

"Ng'ombe wa Orma anajua asichokula. Au wewe ndiye uliyemfundisha?"

Ng'ombe aliyeshiba anajua, kweli. Mwenye njaa hajui kitu. Dima alikula akamaliza. Alfajiri Mumina alimkama kama kawaida, na jua halijapanda Dima akaanza kupepesuka, akaanguka, akafa kabla Huka hajafika na kisu.

Jilo alikuwa analia, na kibuyu cha maziwa kilikuwa mkononi mwa Mumina. Kwao maziwa hayamwagwi chini, ni mkosi mkubwa. Aliyamwaga yote mchangani. Huka akageuza uso.

Alimbeba mtoto mpaka kijiji cha Hewani, kwa Mwanaarusi, mke wa mkulima Mpokomo, aliyekuwa ananyonyesha. Mwanaarusi alimpa titi bila kuuliza neno.

"Mtoto atakaa, mama," alisema baadaye. "Lakini wewe usirudi. Mume wangu hajasahau ng'ombe wenu walivyomaliza mahindi yetu."

"Sina ng'ombe tena."

"Mlikuwa nao."

Mumina alijua kosa ni lake mwenyewe. Alikaa kwenye mkeka akisubiri Jilo alale fofofo, asije akamlilia akimwona anaondoka.