Ningeweza Kuja

Restituta alianza kujifunza Kiingereza akiwa na miaka hamsini na mbili, kwa sababu ya mtoto wa marehemu dada yake. Binti huyo, Upendo, alizaliwa Kanada, na Kiswahili chake kiliishia kwenye "shikamoo" na "nimeshiba". Tangu mama yake, Agape, afariki mwaka jana, alikuwa akimtumia Restituta sauti kwenye simu, dakika mbili, dakika tatu, Kiingereza kitupu. Restituta alizisikiliza akiwa Katumba, katikati ya matuta ya tumbaku, kama mtu anayesikiliza mvua inayonyesha kijiji cha jirani. Swali moja lilirudi kila mara, na mchungaji ndiye aliyemtafsiria: mama mdogo, kwa nini hukuja na mama?

Basi kila Jumanne na Alhamisi mchana akawa anapanda bodaboda hadi Mpanda mjini, kwenye chumba cha nyuma ya kanisa. Huko Mwalimu Venant alifundisha watu wazima wanane, wote wakikaa kwenye viti vya watoto wa chekechea.

"Leo tunasoma mambo ambayo hayakutokea," Venant alisema siku moja, akaandika ubaoni mistari mitatu:

I could have come.
I should have come.
I might have come.

"Yote matatu yanasema sikuja. Ila kila moja lina kutokuja kwake. La kwanza: njia ilikuwepo, uwezo ulikuwepo, sikuja. La pili: ilinipasa kuja, sikuja, na inaniuma. La tatu: huenda ningekuja, hata mwenyewe sijui."

Hilaria, muuza vitenge wa sokoni, akacheka. "Mwalimu, sisi huku tunasema ningekuja, imeisha."

"Ndiyo, na nyie huku 'ningekuja' na 'ningalikuja' mmezifanya kitu kimoja."

Restituta alinyoosha mkono. "Na kama mtu hakuweza kabisa?"

"Hapo unasema I couldn't come, mama. Mlango ulikuwa umefungwa."

Alilishika daftari ili aliandike hilo. Ndilo alilokuwa akilisema kwa miaka kumi na minane: sikuweza, mama yetu alikuwa mgonjwa wa miguu, nani angemchotea maji? Ndilo alilomwambia Agape siku ya basi la kuondoka, na ndilo Agape alilokwenda nalo Kanada. Lakini kalamu ilisimama. Mlango haukuwa umefungwa. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wakimbizi wa kupelekwa Kanada, chini ya la dada yake. Mama mwenyewe alimwambia, "Nenda, mwanangu, Anselmo atanitazama," na Anselmo, mtoto wa kaka yake mama, alikuwa amekwisha kuhamishia godoro lake pale nyumbani.

Siku ile hakusikia tena somo. Kwenye bodaboda, upepo ukimpiga usoni, alimwona Restituta mwingine, yule aliyepanda basi. Alikuwa amevaa koti zito, anatembea juu ya kitu cheupe kisichotoa sauti, mkononi ameshika mfuko wa mkate, na kandokando yake Agape anacheka, bado mzima. Miti ya miombo ilipita pande zote mbili na yule mwanamke alipita nayo, haachwi nyuma. Wala hakuonekana kuwa na huzuni. Alipofika Katumba, Restituta alishuka, na mwenzake akaendelea na safari kwenye vumbi.

Alhamisi alibaki darasani wenzake walipotoka.

"Mwalimu, nisaidie sentensi moja. Nataka kusema ningeweza kwenda, ila nilitaka kubaki."

Venant alimtazama. "I could have come, but I wanted to stay. Ni fupi tu, mama. Mbona unalia?"

"Sijawahi kuisema hata kwa Kirundi cha nyumbani."

Upendo alipiga Jumapili jioni, kwao ikiwa asubuhi. Sura yake ilijaa kioo cha simu: paji la uso la Agape, meno ya Agape. Restituta alikaa kwenye gogo mlangoni mwa kibanda cha bani, tumbaku ikikauka nyuma yake, na kabla hata ya salamu akaisema sentensi yake yote, polepole.

Upendo alisogea karibu na kioo. "Why?" akauliza.

Hapa Kiingereza cha Restituta kilikuwa kidogo, akakiokota neno kwa neno. Baba yangu alikimbia Burundi. Mama yangu alikimbia. Mimi nimezaliwa hapa. Nilitaka mtu mmoja katika ukoo wetu akae mahali kwa sababu anapapenda, bila kukimbia wala kupelekwa. Nilimsingizia mama. Samahani.

Binti alifuta macho kwa mkono wa sweta. Alisema mama yake hakuwahi kujisamehe kwa kumwachia mdogo wake mzigo wa mgonjwa. Kila Krismasi alirudia, I should have stayed.

Miezi mitatu nyuma maneno hayo yangempita Restituta kama kelele. Sasa aliyaelewa yote, hata kidonda kilichokuwa ndani yake, akaruka pale alipokaa.

"No! She should have gone!" Akajua amekosea, maana kwa kanuni ya Venant hapo Agape hakwenda. Akajaribu tena. "She went. Good. I stayed. Good. Mama yako hakuniachia mzigo, mwanangu. Nilikuwa na furaha."

Upendo hakuhitaji kutafsiriwa "furaha"; uso wa mama mdogo ulimtosha. Alicheka huku analia, akamwomba amwonyeshe huko alikobaki. Restituta aligeuza simu, akaanza kutembea na mpwa wake kati ya mahindi, taratibu, akimtajia kila kitu kwa lugha yoyote iliyokuja kwanza, hadi jua likashuka nyuma ya vilima na kioo kikabaki na uso tu, ukisikiliza.