Divai Haiko Pombe

“Ishirini na moja kwa kumi na tatu.” Muuguzi Agnès wa zahanati alipima tansio, yaani presha ya damu, ya Liévin mara ya pili, ikatoka ileile. “Baba, unakunywa pombe?”

“Pombe niliacha tangu Pasaka,” Liévin akajibu.

“Aliacha, mama, na ni miye nilimuachisha,” mkewe Albertine akadakia, na hapo hakusema uongo hata chembe. Kumwachisha mwanamume wa mtaa wa Katuba bia si mchezo. Aligombana na wenye baa, akaimwaga chini lutuku, gongo kali ya jirani yao Mwila, mbele ya watu, wakamwita kichaa. Na wamwite. Baba mkwe wake aliangushwa na moyo akiwa na miaka hamsini, na kaka mkubwa wa Liévin hata huko hakufika. Liévin alibakiza miaka miwili tu aifikie hiyo hamsini. Albertine alikuwa ameapa kwamba huyu hamtoi kwa kifo.

“Tena kila mangaribi namupa divai yake ya moyo,” akaongeza kwa fahari. “Glasi mbili. Namimina miye mwenyewe.”

Agnès akaweka kalamu chini. “Divai ya moyo njo nini?”

Albertine akaeleza. Shemeji yake Constantin, anayeleta bidhaa kutoka mpakani Kasumbalesa, alisema bia inaleta kitambi na lutuku inachoma maini, lakini divai nyekundu inafungua mishipa ya moyo. Divai haiko pombe, alisema, hata padri anaikunywa altareni. Ndivyo alivyosema, na katoni anawaletea yeye.

“Mama, bia, lutuku, divai, yote iko pombe,” Agnès akasema. “Moyo hausomi karatasi ya chupa. Hiyo divai njo inapandisha tansio, na vidonge vinashindwa kazi. Na baba nilimuambia mwezi wa tano, hapa hapa, nikamutajia moja moja.”

Loo! Albertine alikuwa ameshaanza kumpangia Constantin matusi, kikulacho ki nguoni mwako, na matusi yenyewe yalikuwa mazito. Sasa yote yakamwishia mdomoni. Akamgeukia mumewe, na Liévin akaangalia ukuta.

Wakatoka getini mwa zahanati. Hapo Albertine akasimama katikati ya njia, watu wakawa wanampita kushoto na kulia.

“Baba Keren, ulijua.”

“Nilijua.”

“Namimina sumu na mikono yangu, kila siku, weye unaniangalia tu? Unataka bantu baseme ni miye nilikuua? Unataka niseme nini kwa batoto?”

Angekuwa na kitu mkononi angempiga nacho, aibu baadaye.

Liévin hakupandisha sauti. “Tangu nilianza kugonjwa unanipigia makelele asubuhi mpaka jioni. Usikunywe, usikule, usitoke. Saa ile ya divai tu njo ulikuwa unaikala pembeni yangu. Unacheka, hata.”

Hasira ya Albertine haikuisha, nani kasema iliisha? Ilitafuta tu mtu mwingine wa kumla, ikamkuta mwenyewe.

“Ungesema,” akamwambia. “Mupumbafu weye. Ningeikala pembeni yako hata na maji.”