Masanduku ya Mwambire

Sanduku kubwa lilipasuliwa kwa shoka asubuhi ya pili ya matanga, na dogo likafuata, likinukia nta ya mishumaa iliyowahi kusafiri ndani yake. Wapishi hawakuwa na kosa. Waombolezaji walikuwa wengi, kuni zilikuwa mbichi kwa mvua, na chumbani kwa marehemu mlikuwa na mbao kavu ambazo, kwa macho ya mtu yeyote mwenye wageni wenye njaa, zilikuwa mbao tu. Kati ya wanaume waliokaa uani, mmoja tu alijua kinachokwenda kuungua. Huyo alikuwa Tsuma, kaka wa marehemu. Aliwaona wanawake wakipita na masanduku vichwani, akafungua kinywa ili awazuie, kisha akakitia tumbaku.

Marehemu Mwambire alikufa kama alivyofanya mambo yake yote, bila kumwomba kaka yake ushauri. Ndivyo alivyoondoka kijijini Tezo ujanani kwenda kuchochea makaa katika meli za moshi, na ndivyo alivyorudi na mvi kutoka Kuba, kisiwa ambacho wazee wa Tezo walikubaliana, kwa heshima zote, kwamba hakipo. Huko, alisimulia, aliishi bandarini na watu weusi kama yeye, ambao babu zao walibebwa kwa minyororo kutoka Afrika kwenda kukata miwa. Walipokatazwa ngoma, waligeuza masanduku ya shehena, wakaketi juu yake na kuyapiga kwa viganja, na muziki huo wakauita rumba. Mwambire aliujua hata wenyewe wakawa wanampisha akae mbele.

Kwa Tsuma hiyo ilikuwa aibu ya ukoo. Ngoma ni ngozi. Ina mwenyewe na miiko yake. Kupiga sanduku ni mchezo wa mtoto aliyenyimwa ngoma. Kila jioni ndugu yake alipoanza, Tsuma, ambaye nyumba yake ilitazamana na ya Mwambire, alijifunika shuka gubigubi na kuyafuata mapigo kwa hasira, moja baada ya jingine, akingoja yaishe. Vijana walikuja kutoka Bofa kusikiliza. Walimwita Mwambire fundi. Kaka yake alimwita "yule".

Siku ya kuanua matanga, asubuhi, aliwasili Menza, mwanafunzi wa marehemu, ametoka Malindi kwa miguu na tope hadi magotini. Alitoa pole, akalia kama ipasavyo, kisha akauliza masanduku yako wapi. Mwambire alikuwa ameusia, na mkewe Kadii ndiye shahidi, kwamba matanga yake yasianuliwe kabla rumba haijapigwa. Ndiyo iliyomrudisha nyumbani, alisema, na ndiyo itakayomsindikiza.

Wapishi walipotambua walichokuwa wamekichoma, vilio vilianza upya, na safari hii vilikuwa vya kweli zaidi. Kache, mkubwa wa wapishi, alikaa chini mavumbini akasema atapokea hukumu yoyote. Wazee wakamgeukia Tsuma, maana hukumu ilikuwa yake. Tsuma alisema kuni ni kuni, asiguswe mtu. Akachukua bakora yake akaenda Kilifi, na hakuna aliyemtuma.

Taherali mwenye duka alimpokea kwa mikono miwili. Alimpeleka nyuma ya duka, palipolundikwa masanduku matupu ya sabuni, chai na mishumaa, akamwambia achague apendalo. Tsuma alishika lililo karibu.

"Mwambire hakuchukua hivyo," Taherali alisema. "Aligonga kwanza. Akipata zuri alicheka peke yake, mpaka mke wangu akadhani nimempunguzia bei ya sukari."

"Mimi si yeye."

"Wewe si yeye, mzee. Lakini mimi nauza sabuni. Nani mwingine agonge?"

Wateja walikuwa wakitazama. Tsuma aliinama, na mvi zake na heshima zake, akagonga sanduku kwa kifundo cha kidole. Likatoa sauti mbovu. Alijua mara moja kwamba ni mbovu, na kujua huko ndiko kulikomshtua. Lililofuata lilikuwa na ufa. Jingine lilikoroma mahali pa kunguruma. Miaka yote ile chini ya shuka, sikio lilikuwa likienda darasani bila ruhusa ya mwenyewe. Chuki ilikuwa imehifadhi kila pigo, halijapotea hata moja. Alipofikia sanduku kubwa la chai, lenye mbao nyembamba, alilipiga kwa kiganja kizima, na sauti nzito ikampanda mkononi hadi begani.

Hakuondoa mkono. Taherali aligeuka, akaanza kupanga upya vibiriti vilivyokwisha kupangwa.

Alirudi Tezo alasiri, sanduku la chai kichwani na dogo la mishumaa kwapani. Kadii alimlaki njiani, akampokea lile dogo.

"Shemeji," Tsuma alisema, "niliyaona yakipita. Nikanyamaza."

"Najua. Nilikuona ukiona."

"Mbona basi hukusema?"

"Wewe ndiwe kaka yake," alijibu Kadii. "Nilikuwa nikingoja useme wewe."

Walitembea pamoja hadi uani. Menza aliketi juu ya sanduku la chai, akalijaribu kwa vidole, akamtazama Tsuma, kisha akaanza.

Wimbo alioupenda Mwambire hufunguliwa na mtu mmoja anayetoa sauti isiyo na maneno, kama amwitaye mwenzake ng'ambo ya mto. Sauti hiyo ilikuwa yake marehemu, na Menza hakuwahi kuthubutu kuitoa. Alipiga mpaka pale, akaacha nafasi. Hakuna aliyeingia. Akazunguka na mapigo yake, akarudi pale pale, akaacha nafasi tena. Kadii alitazama chini. Wazee walitazama mbali, kama watu wanaotafuta mbuzi aliyepotea.

Mikono ya Menza ilipoanza kukaribia pale tena, Tsuma alivua kofia, akaiweka magotini, akasafisha koo.