Sauti ya Mayala

Watu wa kitongoji kile cha bonde la Momba waliilalamikia sauti ya Mayala mpaka siku ilipokatika. Mayala alikuwa Msukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake miaka ya tisini mwanzoni, na sauti yake ilikuwa ya kulimia. Mvua zikianza tu, alfajiri na mapema utasikia, "Haya, Sajenti! Diwani, acha uvivu!" na mtu wa ng'ambo ya mto anageuka kitandani na kusonya. Walisema ng'ombe wake si viziwi, ila wao ndio atawafanya viziwi.

Basi mvua za mwaka 2003 zikaanza na sauti haikusikika. Wale wale waliosonya wakaanza kuulizana kulikoni.

Ilikuwa hivi. Mwisho wa msimu uliotangulia, Mayala alikuwa akimlimia jirani yake Nikodemo. Jua linakuchwa, wingu limetanda, na kipande kilichobaki ni kidogo. Katikati ya mstari Sajenti akasimama. Sajenti alikuwa maksai mwenye akili kuliko madiwani wengi, na kwa miaka saba hakuwahi kusimama bila sababu. Mayala alilijua hilo, lakini haraka ilimzidi. Akapaza sauti. Sajenti akatii, akatanguliza mguu, na mguu ukazama kwenye shimo la muhanga, yule mnyama wa usiku mchimba ardhi, lililofunikwa na majani. Ulivunjika pale pale, na kabla giza halijaingia walikuwa wameshamchinja.

Hakuna aliyemlaumu Mayala, hata Nikodemo. Lakini yeye hakuionja nyama ile. Kilichomkaa moyoni si shimo, maana mashimo ya muhanga hayana mwenyewe. Ni kwamba mnyama alimwambia, naye hakusikiliza. Kisha yeye akamwambia mnyama, na mnyama akasikiliza.

Akatoa dume mmoja kijana zizini, akamwita Mgeni, akamfunga nira na Diwani. Sasa kila aliposhika jembe, sauti ilimtoka kama ya mtu anayekwenda kuomba chumvi kwa jirani aliyegombana naye jana. Ng'ombe wanageuza vichwa, wanamtazama, wanasimama. Naye anawafungua nira na kusema jembe ni butu. Jembe lenyewe alilinunua Tunduma, mwaka aliouza mahindi vizuri kwa Wazambia, na wiki ile alilinoa mpaka likataka kuisha.

Mahindi ya majirani yakachipua. Shamba la Mayala likabaki majani matupu. Nikodemo akaja kwa wema kabisa, akasema atawalimia kwa ng'ombe wake mwenyewe, wamjibu tu kesho. Mayala akainamisha kichwa kama mtu anayekubali.

Mkewe Restuta aliona kile kichwa kilivyoinama, akaogopa. Njaa haikumtisha; Nikodemo angelima vizuri tu. Ila alimjua mumewe. Mwanamume huyu akilimiwa mwaka huu, hatashika jembe tena maisha yake yote, atakaa ukutani pale akiota jua mpaka wamzike. Kwa siku tano zilizotangulia alikuwa akimpelekea uji na kunyamaza, kwa sababu maneno ya kumpa moyo yalishasemwa na kila mpita njia na hayakumsaidia kitu. Siku ya sita, kabla Nikodemo hajajibiwa, akajifunga kanga kiunoni, akachukua kamba, akaelekea zizini.

"Unakwenda wapi na kamba, Mama Wilbard?"

"Nakwenda kuwatangulia ng'ombe."

Kutangulia ng'ombe ni kazi ya siku za kwanza, wakati maksai hawajui kitu. Mtu anawavuta kwa mbele ili wazoee kwenda moja kwa moja. Kumvuta Diwani, aliyelima miaka sita, kilikuwa kichekesho, tena avutwe na mama mwenye wajukuu kule Mbangala!

"Watu watatucheka," alisema Mayala.

"Wacheke, meno ni yao. Wewe shika jembe. Ukitaka kusema, sema. Usipotaka, nyamaza, mimi nitawavuta."

Mstari wa kwanza ulipinda vibaya mno. Mayala hakutamka neno. Wa pili, Mgeni akaanza kupotelea pembeni, na Mayala akajikuta akisema taratibu, "Mgeni." Mgeni akarudi. Wa tatu akasema, "Haya, Diwani." Wa tano akamwambia Diwani kuwa ni mvivu kama zamani. Udongo ulikuwa unageuka vizuri, mweusi, unanuka mvua, na mikono ya Mayala ikaanza kukumbuka kazi yake.

Kwenye mstari wa kumi na moja, Diwani akasimama.

Mayala akamkumbuka Sajenti. Hakupaza sauti. Aliachia mishikio, akawazunguka ng'ombe, akaenda mbele kuona.

Restuta alikuwa ameinama, ndala yake imenasa kwenye tope, anaivuta kwa mikono miwili. Mikono miwili! Mayala akaitafuta kamba kwa macho. Ilikuwa imeviringwa vizuri kwenye pembe ya Diwani, kavu, haina hata tone la tope.

"Umeiachia tangu lini?"

"Tangu mstari wa pili. Ulipomwita Mgeni akarudi, nikaona hawanihitaji mimi."

"Sasa mbona hukwenda kukaa kivulini?"

Restuta akachomoa ndala, akaikung'uta.

"Nilikuwa naangalia mashimo," alisema.

Mayala akaitazama miguu ya mkewe, tope mpaka magotini, kisha akatazama nyuma shamba lilipolimwa. Mistari yote ile mke wake alikuwa ameikanyaga kwanza yeye. Kwa miaka thelathini alikuwa akimwita Mama Wilbard, kama heshima inavyotaka, lakini siku ile jina hilo halikumtosha.

"Asante, Restuta," alisema. Akarudia, "Asante sana."

"Haya, lima. Mvua hiyo inakuja."

Mayala akarudi kwenye jembe. "Huko mbele kuna shimo?"

"Hakuna!"

Ndipo akavuta pumzi, akawaita Diwani na Mgeni kwa sauti yake yote. Ng'ambo ya mto, Nikodemo aliyekuwa akipalilia akashtuka, akasonya kwa mazoea. Kisha akavua kofia, akamshukuru Mungu.