Saa ya Kusomwa Kwenye Kioo

Mimi sina ugomvi na simu. Ugomvi wangu ni na mume wangu akiwa na simu. Yeye ni kinyozi, mimi fundi cherehani, na kati ya kazi yake na yangu kuna pazia tu, kwa hiyo hata akikohoa nasikia. Siku hiyo alikuwa anacheka peke yake, nikajua hapa kuna jambo.

"Mama watoto, njoo uone dawa."

Dawa ya nini, nilijua. Tangu kinyozi mwingine afungue ng'ambo ya barabara, na viti vyake vya kuzunguka na televisheni ukutani, wateja wetu wanatusalimia kwa heshima zote, kisha wanavuka. Mashine yetu ya kunyolea nayo ilikuwa imezeeka, inang'ata badala ya kunyoa. Tulikuwa tumejinyima mpaka tukapata pesa ya mashine mpya. Bila mashine hakuna duka, na pesa hiyohiyo bwana mkubwa alitaka kununulia saa ya ukutani.

Tena saa yenyewe inakwenda kinyumenyume! Tarakimu zimegeuzwa, ili mteja aliyekaa kitini akitazama kioo aione sawasawa. Kwenye picha kulikuwa na mwanamume mwenye shati la mistari, ameikumbatia, anatabasamu kama bwana harusi. Bei nusu, zimebaki mbili, tuma pesa sasa hivi kwa namba hii.

"Watu watakuja kuishangaa," akasema. "Na anayekuja kushangaa, nywele anazo."

"Haraka haraka haina baraka."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Ainame, baba. Si alale kifudifudi."

Akanuna kidogo. Akasema yeye si mtoto, saa ameshaipima. Nikamuuliza unaipimaje saa iliyo ndani ya simu. Akaiinua simu mbele ya kioo. "Haya, soma. Saa nne na robo, imenyooka."

Jamani. Mume wangu ameitazama dunia kupitia kioo tangu tukiwa wachumba. Kwake yeye, kitu kikisomeka kwenye kioo, kimesomeka.

Nikaichukua simu. Mimi mtu naanza kumtazama nguo, uso baadaye, na lile shati lilinikera kabla sijajua kwa nini. Kisha nikaona.

"Huyu bwana amevaa shati la mkewe."

"Wivu huo. Mistari ya kiume kabisa."

"Mistari ya kiume, vifungo vya kike. Shati la kiume upande wa kushoto ndio unalala juu. Hapa umelala wa kulia. Hebu liweke tena kwenye kioo."

Akaliweka. Kwenye kioo shati likawa la kiume, safi. Akatazama simu, akatazama kioo, akarudia.

"Wamegeuza picha," akasema taratibu. "Ni saa ya kawaida tu."

Nilikuwa nimeshaandaa kicheko. Nilipomwona uso kikaniishia, nikamhurumia. Alikuwa ameshaitundika ile saa moyoni.

"Labda ni shati la mkewe kweli," nikasema. "Tumuulize." Nikamwandikia muuzaji atutumie video fupi, mshale ukitembea. Akajibu: mpendwa mteja, lipia kwanza. Nikamjibu: mpendwa muuzaji, video kwanza. Akatufungia namba, hata picha yake hatukuiona tena.

Tukanunua mashine. Lakini wazo la saa lilikataa kunitoka, maana lilikuwa tamu, mwizi alilichafua tu. Nikabeba saa yetu kuukuu mpaka kwa fundi saa. Akaifungua, akageuza kidude fulani ndani, mshale ukaanza kurudi nyuma. Uso wa saa nikaushona mwenyewe kwa kitambaa kigumu cha kola, tarakimu zote zikitazama kusiko. Ile tano ilinitoa jasho.

Mume wangu akapiga picha ameikumbatia, akaiweka mtandaoni. Jibu la kwanza: utapeli, picha imegeuzwa. La pili hilohilo. Akaweka simu chini, akasema basi, sisi tufunge tu duka. Alisema kama mzaha, ila hakucheka.

Nikaiokota simu nikaandika: tazameni vifungo vya shati lake, kisha tazameni vyenu.

Basi ikawa kesi. Wanaume wazima walishinda wanabishana shati lao hufungwa upande gani. Asubuhi yake akaingia mmoja, akakodolea macho kifua cha mume wangu, akainama kukagua chake, akakaa kitini na kutazama kioo. "Saa tatu kasoro robo," akasema. "Haya, ninyoe." Hajamaliza kunyolewa, wakaingia wengine wawili, na tangu hapo benchi letu halijakaa tupu siku nzima.

Juzi akavuka yule kinyozi wa ng'ambo mwenyewe. Akasimama chini ya saa, mikono nyuma.

"Mzee, hii umenunua mtandao gani?"

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, mguu nimeuondoa kwenye cherehani nisikie vizuri.

"Mtandaoni hawana," mume wangu akajibu. "Pitia hapo kwenye pazia. Ila atakukagua vifungo kwanza."

Nikarudisha mguu, nikaendelea kushona.