Madigadi ya Shantilal

Shantilal, muuza viazi wa Nakuru, alitaka gari lake liwekewe magurudumu mapana ya kupandia matope ya Dundori, ila rangi isipate hata ufa.

Fundi Gachanja, mwenye hasira za karibu, alishinda akikanda madigadi, mabati yanayofunika magurudumu, kwa vitambaa vya maji moto mpaka rangi ikalegea, kisha akakunja ukingo wa ndani polepole kwa mti wa kusukumia chapati ili magurudumu mapana yapate nafasi.

"Anionyeshe ufa mwenye macho!" akafoka.

Mamake Shantilal akaja na nazi ya kubariki gari. Akatafuta jiwe la kuipasulia, akaona matope matupu. Akafumba macho, akaomba, akaipasulia pwaa kwenye madigadi.

"Baraka imeingia," akasema, akipapasa palipobonyea.